Jeni ya Gp1ba ya panya wa maabara: mwongozo kamili wa kuchunguza kazi yake katika kuganda kwa damu

Ateri ndogo ikikatika, damu hupita kwenye jeraha kwa kasi ambayo chembe sahani, seli ndogo inayoanzisha kuganda kwa damu, haiwezi kutua yenyewe. Ni kama mtu aliyebebwa na mto uliofurika: asipopata tawi la kudaka, anapitishwa tu. Tawi hilo ni protini ya von Willebrand, yaani VWF, ambayo hunasa kwenye kolajeni iliyofichuliwa na jeraha kisha ikanyooshwa na nguvu ya mkondo. Mkono unaolidaka ni glaikoprotini Ib-alfa, GPIbα, iliyo juu ya chembe sahani. Kwa panya wa maabara, maelekezo ya kuutengeneza mkono huo yako kwenye jeni ya Gp1ba.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye panya waliokosa jeni hiyo, au anayetarajia kuwapata, na anataka kupima kwa uhakika inafanya nini. Kabla ya kugusa pipeti, shika jambo moja: GPIbα ina kazi mbili. Nje ya chembe inadaka VWF na thrombini, kimeng'enya cha kugandisha damu. Ndani ya chembe mkia wake umefungwa kwenye filamini A, nguzo ya umbo la seli, na kwa sababu hiyo inaamua megakariosaiti za kwenye uboho zitatoa chembe sahani ngapi na za ukubwa gani. Ukiiondoa jeni, unavunja kazi zote mbili kwa pamoja. Panya atatokwa na damu nyingi, nawe hutajua kama ni kwa sababu chembe zake hazidaki au kwa sababu ni chache na kubwa mno. Sehemu kubwa ya kazi iliyoelezwa hapa ni ya kutenganisha mambo hayo mawili.

Ijue jeni kwanza

Gp1ba iko kwenye kromosomu ya 11 ya panya. Kwa binadamu jeni hiyo huandikwa GP1BA na iko kwenye kromosomu ya 17. Sehemu yote inayoandika protini imo ndani ya ekzoni moja, yaani kipande kimoja kisichokatika cha jeni, jambo linalorahisisha kuibadilisha au kuiondoa. Protini yake haisimami peke yake: hujiunga na GPIbβ, GPIX na GPV. GPIbα, GPIbβ na GPIX zinategemeana. Ikikosekana GPIbα, nyingine hazifiki vizuri juu ya chembe. GPV ndiyo pekee isiyo ya lazima. Panya wasio na jeni ya Gp5 bado wana GPIbα na chembe zao ni za ukubwa wa kawaida.

Kwa binadamu, kukosa mkusanyiko huu ndio ugonjwa wa Bernard-Soulier, uliopewa majina ya Wafaransa wawili, Jean Bernard na Jean-Pierre Soulier, walioueleza mwaka 1948. Chembe sahani huwa chache, huwa kubwa kupita kiasi, na mgonjwa hutokwa na damu puani, kwenye fizi na wakati wa hedhi kuliko idadi ya chembe zake inavyoashiria. Panya wa kwanza asiye na Gp1ba alielezwa mwaka 2000 na kundi la Jerry Ware na Zaverio Ruggeri huko La Jolla, California. Alionyesha dalili zile zile, na alipopewa jeni ya GPIbα ya binadamu dalili zilirekebika. Hapo ikathibitika kwamba kasoro ilitokana na jeni hiyo hasa.

Hata hivyo, usimchukulie panya kuwa binadamu aliyepunguzwa ukubwa. Tofauti zifuatazo huharibu majaribio kila siku:

- Panya ana chembe sahani kama milioni 1 kwa mikrolita 1 ya damu, binadamu ana 150,000 hadi 400,000. Za panya ni ndogo zaidi na huishi siku 4 hadi 5 tu.
- Chembe sahani za panya hazina PAR1, kipokezi cha thrombini cha binadamu. Thrombini huziamsha kupitia PAR4 ikisaidiwa na PAR3. Peptidi ya PAR1 inayotumika kwa binadamu haitafanya kitu. Tumia ile ya PAR4, AYPGKF.
- Ristosetini, inayotumika hospitalini kupima uhusiano wa VWF na GPIbα, haifai kwa damu ya panya. Tumia botrosetini, protini ya sumu ya nyoka wa Amerika Kusini, Bothrops jararaca.
- VWF ya binadamu hainati vizuri kwenye GPIbα ya panya. Usichanganye plazima ya mmoja na chembe za mwingine ukategemea jibu.

Makundi ya panya

Zalisha kwa kukutanisha dume na jike wenye aleli (nakala ya jeni) moja nzima na moja iliyovunjwa. Robo ya watoto watakuwa hawana jeni, nusu watakuwa na aleli moja, robo watakuwa kamili. Linganisha ndugu wa uzao mmoja. Panya kamili walionunuliwa kwingine wana tofauti nyingine za kijeni zinazogusa muda wa kutokwa na damu, na tofauti hizo utazihesabu kimakosa kuwa ni za Gp1ba.

Makundi hayo matatu hayatoshi. Ongeza kundi la panya wasio na Gp1ba waliopewa protini ya kuunga: mkia wa ndani ni wa GPIbα, lakini sehemu ya nje imebadilishwa na kipokezi cha interleukini-4 cha binadamu. Mkia ukiwepo, idadi na ukubwa wa chembe hurekebika kwa kiasi kikubwa, huku uwezo wa kudaka VWF ukibaki haupo. Hili ndilo kundi linalojibu swali letu la msingi, na kwa maoni yetu utafiti wa Gp1ba usio na kundi hili au mbadala wake una pengo.

Mbadala mmoja ni kupunguza chembe za panya kamili kwa kingamwili hadi zilingane na za panya asiye na jeni. Mchanganyiko wa kingamwili uitwao R300 hutumika sana. Mikrogramu 2 kwa kila gramu ya uzito huondoa karibu chembe zote ndani ya saa 1, kwa hiyo ukitaka kupunguza kwa sehemu anza na sehemu ya kumi ya dozi hiyo na upande taratibu. Tahadhari ni mbili. R300 inalenga GPIbα yenyewe, hivyo haifanyi kazi kwa panya asiye nayo. Tena, chembe zilizosalia zinaweza kuwa zimebeba kingamwili hiyo. Zikague kwa kingamwili ya pili inayotambua protini za panya buku, la sivyo kundi lako la ulinganisho litakuwa na GPIbα iliyozibwa bila wewe kujua.

Kibali cha kamati ya maadili ya wanyama kipatikane kabla ya yote haya, pamoja na kikomo cha damu ambayo panya aliye hai anaweza kupoteza.

Hatua ya 1: kutambua nani ana jeni

Chukua kipande cha sikio cha milimita 2. Tumbukiza kwenye mikrolita 75 za mchanganyiko wa NaOH milimola 25 na EDTA milimola 0.2. Kwa lita moja hiyo ni gramu 1 ya NaOH na gramu 0.074 ya EDTA yenye sodiamu mbili. Chemsha nyuzi 95 kwa dakika 30, poza, kisha ongeza mikrolita 75 za Tris-HCl milimola 40, yaani gramu 6.3 kwa lita. Tikisa. Kipande cha sikio hakitayeyuka chote, na hakuna haja kiyeyuke.

Kwa PCR, mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, tumia prima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia nakala) tatu: moja inayoshika nje ya eneo lililobadilishwa, moja ndani ya jeni nzima, na moja ndani ya kipande kigeni kilichowekwa mahali pake. Panga ili bendi mbili zitofautiane kwa angalau besi 100. Kila mrija uwe na mikrolita 20: DNA mikrolita 2, mchanganyiko maradufu wa kimeng'enya mikrolita 10, kila prima mikromola 0.5, maji yajaze. Nyuzi 94 dakika 3. Mizunguko 35 ya nyuzi 94 sekunde 30, nyuzi 60 sekunde 30, nyuzi 72 sekunde 45. Mwisho nyuzi 72 dakika 5. Soma kwenye jeli ya agarosi ya asilimia 2.

Bendi ndogo hushinda kubwa ndani ya mrija mmoja. Ndiyo maana panya mwenye aleli mbili tofauti anaweza kuonyesha bendi moja tu, na ukamwandika kimakosa. Weka kila mara DNA ya panya wa aina tatu zinazojulikana na mrija wa maji matupu. Ukiona uwiano wa watoto umepotoka mbali na 1:2:1 katika uzao mwingi, shuku prima kabla ya kushuku panya. Kwa wale waliopewa jeni ya binadamu, hakikisha prima za jeni ya panya hazishiki ya binadamu.

Hatua ya 2: kutoa damu bila kuziamsha chembe

Chembe sahani zikishaamshwa hazirudi zilivyokuwa, na chembe iliyoamshwa hupoteza GPIbα: kimeng'enya cha ADAM17 huikata na kuiachia kwenye plazima. Panya kamili aliyetolewa damu vibaya ataonekana kama ana upungufu wa GPIbα. Hapa ndipo matokeo mengi yanapoharibika, saa nzima kabla ya mashine kuwashwa.

Tengeneza ACD, majimaji ya kuzuia damu isigande: sitreti ya sodiamu gramu 2.5, asidi ya sitriki gramu 1.37 na glukosi gramu 2 kwa mililita 100 za maji. pH itakuwa karibu 4.5. Mlaze panya kwa isoflureni, asilimia 4 hadi 5 kumwingiza usingizini, kisha asilimia 2. Fungua tumbo, sogeza utumbo pembeni, ingiza sindano ya 25G kwenye vena kubwa ya chini. Bomba la mililita 1 liwe tayari na mikrolita 100 za ACD. Vuta polepole, kwa dakika nzima. Panya wa gramu 25 ana takriban mililita 2 za damu. Tarajia mililita 0.7 hadi 1, naye hataamshwa tena.

Sindano ikitoka nje ya vena na kurudi, damu imegusa tishu na thrombini imeanza kuundwa. Itupe hata kama inaonekana nzuri. Uzi mmoja wa ute kwenye bomba unatosha kuwa ushahidi.

Kwa kuhesabu tu, mikrolita 20 hadi 50 kwenye EDTA zinatosha, na panya huendelea kuishi. Lakini EDTA isitumike kwa jaribio la utendaji, kwa kuwa huondoa kalsiamu ambayo integrini αIIbβ3, kipokezi kinachounganisha chembe kwa chembe, inaihitaji ili kushika umbo. Na usiweke damu kwenye barafu. Baridi hukusanya GPIbα mahali pamoja juu ya chembe na kubadilisha umbo la chembe yenyewe. Joto la chumba, nyuzi 20 hadi 25, ndilo salama.

Hatua ya 3: kuhesabu

Mashine ya kawaida ya kuhesabu seli hutenganisha chembe sahani na chembe nyekundu kwa ujazo. Chembe nyekundu ya panya ni ndogo, kama femtolita 45 hadi 50, na chembe sahani ya kawaida ni karibu femtolita 5. Chembe sahani kubwa za panya asiye na Gp1ba huvuka mpaka na kuhesabiwa kuwa nyekundu, hivyo idadi inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Usitegemee mashine hiyo peke yake kwa panya hawa.

Tumia saitomita ya mtiririko, mashine inayosoma seli moja moja kwa mwanga, pamoja na shanga za kuhesabia. Mfano: mikrolita 2 za damu zimetiwa kwenye mikrolita 998 za bufa, kwa hiyo imezimuliwa mara 500. Chukua mikrolita 100, paka kingamwili ya CD41 (alama ya chembe sahani), ongeza shanga 10,000. Ukipata matukio 20,000 ya chembe sahani na 1,000 ya shanga, maana yake kuna chembe 200,000 ndani ya mikrolita 100, yaani 2,000 kwa mikrolita. Zidisha kwa 500: milioni 1 kwa mikrolita ya damu. Panya asiye na Gp1ba atakuwa na takriban theluthi ya hiyo.

Paka pia damu kwenye kioo, tia rangi ya Wright-Giemsa, na tazama kwa macho. Chembe sahani inayokaribia ukubwa wa chembe nyekundu haihitaji takwimu kuitambua.

Hatua ya 4: saitomita ya mtiririko

Changanya mikrolita 5 za damu na mililita 1 ya bufa ya Tyrode. Kutoka hapo chukua mikrolita 25, ongeza mikrolita 5 za kila kingamwili, acha gizani dakika 15 bila kutikisa kwa nguvu, kisha simamisha kwa mikrolita 400 za PBS. Soma ndani ya dakika 30.

Kingamwili za msingi ni CD41, ambayo ni GPIIb na itakuambia kwamba hii ni chembe sahani. CD42b, yaani GPIbα. CD42a, yaani GPIX. Na TER-119 ya chembe nyekundu. Wengi hutumia CD42b kutambua chembe sahani. Kwa kazi hii hilo ni kosa: unatafuta chembe kwa alama ambayo umeiondoa mwenyewe, na panya asiye na jeni ataonekana kana kwamba hana chembe sahani kabisa. Daima tambua kwa CD41.

Fungua mipaka ya ukubwa kwa upana na tumia mizani ya logi, la sivyo zile kubwa zitaachwa nje. Kisha ondoa matukio yenye CD41 na TER-119 kwa pamoja, kwa sababu hizo ni chembe sahani zilizopanda juu ya chembe nyekundu.

Kwa panya mwenye aleli moja tarajia CD42b karibu nusu. Kwa asiye nayo, ishara ilingane na kingamwili isiyolenga kitu, na CD42a ishuke sana nayo. CD42a ikibaki juu wakati CD42b haipo, shuku kwamba kingamwili yako ya CD42b ndiyo mbovu.

Kupima kuamka kwa chembe, tumia kingamwili za CD62P (protini inayojitokeza juu ya chembe ikiamka) na JON/A. JON/A hutambua αIIbβ3 ya panya iliyofunguka. Kingamwili ya PAC-1 ni ya binadamu. Chembe ziwe zimeoshwa, kichocheo na kingamwili viingie pamoja, na usomaji usicheleweshwe kwani ishara ya JON/A hufifia. Chembe zisizochochewa ziwe chini kwa vyote viwili. Zikiwa juu, rudi Hatua ya 2.

Hatua ya 5: kuosha chembe sahani

Bufa ya Tyrode kwa lita 1: NaCl gramu 8, KCl gramu 0.2, NaHCO₃ gramu 1, NaH₂PO₄ kavu gramu 0.05, MgCl₂ yenye maji sita gramu 0.2, HEPES gramu 1.19, glukosi gramu 1, na albumini ya ng'ombe gramu 3.5. Gawanya: sehemu ya kuoshea iwe pH 6.5, ya mwisho pH 7.4. Kalsiamu isiwekwe bado.

1. Changanya damu na ujazo sawa wa bufa ya pH 6.5, ongeza prostasiklini, inayozuia chembe zisiamke, mikrogramu 0.1 kwa mililita.
2. Zungusha 200 × g kwa dakika 8, nyuzi 22, breki ikiwa imezimwa. Breki huirudisha tabaka nyekundu juu.
3. Nyonya tabaka la juu kwa pipeti yenye ncha pana. Acha kidogo juu ya nyekundu.
4. Ongeza prostasiklini tena na apirasi, kimeng'enya kinachovunja ADP, uniti 0.02 kwa mililita. Zungusha 800 × g kwa dakika 5.
5. Mwaga majimaji, osha bonge kwa bufa bila kulikoroga, kisha litawanye polepole kwenye bufa ya pH 7.4.
6. Acha nyuzi 37 kwa dakika 30 ili athari ya prostasiklini iishe. Weka CaCl₂ hadi milimola 2 dakika chache kabla ya jaribio.

Prostasiklini hufa ndani ya dakika chache kwenye maji ya pH 7.4. Ihifadhi kwenye Tris ya pH 9 au zaidi, na iongezwe mbichi kila mzunguko. Dozi ya asubuhi haitalinda chembe za adhuhuri.

Sasa lile ambalo maelekezo ya kawaida hayasemi: kwa panya asiye na Gp1ba, mzunguko wa 200 × g hushusha chembe kubwa pamoja na nyekundu. Utakachonyonya juu ni zile ndogo tu, yaani zile zinazofanana na za kawaida, na matokeo yako yatakuwa ya sehemu isiyowakilisha mnyama. Shusha nguvu hadi 60 hadi 80 × g kwa dakika 10, rudia mara mbili ukiongeza bufa, kisha pima CD41 kwenye tabaka nyekundu uone ni kiasi gani kimebaki chini. Makundi yote yaoshwe kwa nguvu ile ile, hata panya kamili asiyehitaji.

Hatua ya 6: kushikana kwa chembe

Sawazisha hadi milioni 250 kwa mililita kwa makundi yote. Ndani ya agregomita, mashine ya kupima kushikana kwa chembe, nyuzi 37, ikikoroga 1,000 hadi 1,200 kwa dakika, ongeza fibrinojeni mikrogramu 100 kwa mililita, kisha kichocheo. Jaribu kolajeni mikrogramu 1 hadi 5 kwa mililita, thrombini uniti 0.05 hadi 0.1, peptidi ya PAR4 mikromola 100 hadi 500. ADP mikromola 5 hadi 10 ijaribiwe kwenye plazima yenye chembe, kwani zilizooshwa hujibu ADP kwa udhaifu. Botrosetini nayo inahitaji VWF, kwa hiyo kuwe na plazima ya panya.

Mchoro unaotarajiwa ni huu. Botrosetini haitoi kitu kabisa. ADP na kolajeni hutoa jibu karibu na la kawaida. Thrombini ya kiwango cha chini hutoa jibu dhaifu au la kuchelewa, lakini ukipandisha dozi tofauti inatoweka, kwa kuwa PAR4 inajitosheleza. Dozi moja kubwa ya thrombini itakudanganya kwamba GPIbα haihusiki nayo, hivyo fanya mfululizo wa dozi tano.

Ikiwa hata ADP na kolajeni hazitoi kitu, tatizo si Gp1ba. Ama umeziua chembe wakati wa kuosha, ama umesahau kalsiamu au fibrinojeni, ama αIIbβ3 ndiyo yenye kasoro. Na ikumbukwe kwamba kikombe cha agregomita hakina mkondo wa ateri. Panya aliyefaulu vizuri hapa bado anaweza kushindwa kabisa hatua inayofuata.

Hatua ya 7: mkondo juu ya kolajeni

Paka kioo kolajeni aina ya I mikrogramu 200 kwa mililita, acha nyuzi 4 usiku kucha, kisha ziba kwa albumini asilimia 1 kwa saa 1. Damu nzima iwe na heparini uniti 5 kwa mililita. Sitreti haifai kwa sababu kalsiamu inatakiwa.

Kiwango cha mkwaruzo ukutani, yaani jinsi mkondo unavyokwangua ukuta wa njia, hupatikana kwa kuzidisha mtiririko kwa 6, kisha kugawanya kwa upana uliozidishwa na kimo, kisha na kimo tena (kimo cha kipeo cha pili). Kwa njia yenye upana wa milimita 1 na kimo cha mikromita 50, mikrolita 25 kwa dakika hukupa takriban 1,000 kwa sekunde. Dakika 4 zinatumia mikrolita 100 tu. Pima pia kwa mikrolita 3.75 kwa dakika, ambayo ni 150 kwa sekunde, mkondo wa vena.

Kulinganisha mikondo hiyo miwili kunatoa picha iliyo wazi kuliko jaribio lolote jingine kwenye mwongozo huu. Kwenye 1,000 na kuendelea, chembe zisizo na GPIbα hupita bila kunata. Kwenye 150 baadhi hunata, kwa sababu vipokezi vingine vya kolajeni hupata muda wa kushika. Ukipata kwamba hata kwenye 1,000 zinanata kama kawaida, kagua kama njia imeziba au kuna mapovu. Mkwaruzo halisi si ule uliouhesabu.

Rangi ya kuonyesha chembe isiwe kingamwili ya GPIb wala GPIX. Tumia DiOC₆, au kingamwili ya CD41 ambayo haizibi.

Hatua ya 8: kutokwa damu mkiani

Panya wa wiki 8 hadi 12, amelazwa, yuko juu ya blanketi la joto na nyuzi 37 mwilini zinapimwa. Mwili ukipoa mishipa hubana na damu hukatika mapema. Kata milimita 2 za ncha kwa wembe mpya, tumbukiza mara moja kwenye chumvi ya asilimia 0.9 ya nyuzi 37. Anza saa. Kata kwa kufuata kipenyo cha mkia kuliko urefu peke yake, kwa maana mkia mnene na mwembamba havina mshipa wa ukubwa mmoja.

Panya kamili huacha ndani ya dakika chache. Asiye na Gp1ba huendelea. Simamisha kwa kuchoma jeraha ifikapo dakika 20, hata kama anaonekana yuko sawa. Andika pia kila mara damu inapoanza tena, kwani donge dhaifu huacha na kufunguka. Kisha pima hemoglobini: zungusha mrija, pasua chembe nyekundu kwa maji, soma kwa nanomita 550, linganisha na mikrolita 5, 10, 20 na 50 za damu ya panya wa aina hiyo.

Aliyefika dakika 20 hajatokwa damu kwa dakika 20. Muda wake haujulikani. Usimweke kwenye wastani. Tumia mkunjo wa Kaplan-Meier na jaribio la log-rank, takwimu zinazozingatia muda usiofika mwisho, na mkataji asijue panya ni wa kundi gani.

Hapa linarudi swali la mwanzo. Kwa panya kamili, muda wa mkiani haubadiliki mpaka chembe sahani zipungue kwa zaidi ya asilimia 90. Panya asiye na Gp1ba bado anazo kama theluthi. Upungufu huo hautoshi kueleza damu isiyokatika. Kilichobaki ni kushindwa kudaka. Ukiwa na kundi la mkia wa GPIbα na kipokezi cha interleukini-4, utaliona bila kubishana: chembe zimeongezeka, damu bado haikatiki.

Hatua ya 9: donge ndani ya ateri

Fichua ateri ya shingo, weka kipimo cha mtiririko, kisha karatasi ya chujio ya milimita 1 kwa 2 iliyoloweshwa feri kloridi asilimia 7.5 hadi 10. Iache dakika 3, osha, fuatilia dakika 30. Panya kamili huziba mara nyingi kati ya dakika 5 na 10. Panya asiye na sehemu ya nje ya GPIbα haundi donge la kuziba, na kasoro yake ni kali kuliko ya panya asiye na VWF. Hilo linaonyesha kwamba GPIbα inashika zaidi ya VWF peke yake.

Angalia chupa ya feri kloridi. Asilimia 10 ya chumvi kavu ni mola 0.62, ya chumvi yenye maji sita ni mola 0.37. Maabara mbili zinazoandika "asilimia 10" zinaweza kuwa zimetumia nguvu zinazokaribia kuzidiana mara mbili. Andika kwa mola. Tengeneza siku hiyo hiyo, maana ikikaa hutua chini na kubadilika rangi. Na ukiona panya kamili wote wanaziba kabla ya dakika 4, punguza nguvu: jeraha likiwa kubwa mno, tofauti ndogo kati ya panya mwenye aleli moja na kamili hufunikwa.